Kura za Trafiki wa Plastiki

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Narung'ombe, kwenye baraza ya duka la mzee Champaklal, na cherehani yangu iko hapo tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni. Wananiita Bobini. Siku hizi mambo ni ruksa, kila kitu kinashuka Kariakoo, mpaka matoi. Zamani mtoto alijitengenezea gari la waya akashukuru. Leo matoi ya Wazungu yanakuja kwenye mabelo ya mitumba pale soko la Mchikichini, yamechoka kidogo, na watu wazima na akili zao wanayagombania. Kijana wa Champaklal, Urvish, tunayemwita Waya, ameigeuza stoo ya baba yake kuwa intaneti, na humo akaanzisha ukumbi wa wapenzi wa matoi. Mtu anapiga picha gari lake lisilo na tairi, anaiweka kwenye kompyuta, na mwenzake aliyeko Leicester au Maskati analisifia kama bibi harusi. Mwaka huu wakaja na shindano la katuni: chora hadithi, shujaa awe toi lako, wanachama wapige kura kwa barua pepe. Mimi nasema wazi, shindano lile limetuharibia kijiwe.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika, matope yamejaa mtaa mzima, na Awadhi muuza kahawa alikuwa ameshaweka birika lake chini. Tulikuwa mimi, Waya na mzee Abbasi. Huyu ni karani mstaafu wa bandari. Ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi walimpa kituo asimamie, tangu hapo jina lake ni Tume, na ukimwita Abbasi anachelewa kugeuka. Ndiye aliyehesabu kura za katuni. Ndiye pia aliyemfuta kwenye shindano Candida, binti anayeuza matoi ya mitumba Mchikichini, akasema kura zake ni za wizi. Tangazo la kumfuta bado lilikuwa mlangoni kwa Waya, mvua imelitia mawimbi lakini jina linasomeka. Candida alikuwa akipita hapa kila asubuhi na mzigo wake kichwani, anatuamkia mmoja mmoja. Tangu tangazo libandikwe hatukumwona.

AWADHI: Leo tena hajapita.

TUME: Nani?

AWADHI: Candida. Kashata zangu mbili za asubuhi zilikuwa zake.

TUME: Mwizi akishajulikana habaki njia ile ile, anatafuta njia ya nyuma. Mimi nimekaa bandarini, najua.

Nikamwambia, "Mzee Abbasi, bandarini waliiba makontena. Huyu mtoto kaiba nini? Kura za mdoli?"

TUME: Kura ni kura, Bobini. Leo ya mdoli, kesho ya mbunge.

Niliiona katuni yenyewe. Candida aliichora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za kufungia viatu, Waya akaipitisha kwenye mashine yake. Shujaa ni trafiki wa plastiki aliyetoka kwenye belo, mkono mmoja umenyanyuliwa juu na haushuki. Hakuna anayemnunua. Kila mtoto anamshika, anajaribu kuushusha mkono, unagoma, anamrudisha mezani. Halafu mvua inanyesha, bonde la Jangwani linafurika, matoi yote yanasombwa na maji, magari, wanasesere, treni. Trafiki peke yake anakwama katikati ya barabara, amesimama, mkono juu. Picha ya mwisho maji yote yamesimama mbele yake, yamepanga foleni, yanangoja ruhusa, na mwisho wa foleni kuna chura mmoja anatazama saa. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Aliyepewa ushindi ni Jaimin, binamu yake Waya aliyeko Leicester, kwa gari jekundu linaloruka mpaka mwezini na kurudi. Lilichorwa vizuri, sikatai. Lakini mpaka leo sijui lilifuata nini huko mwezini.

AWADHI: Sasa mzee, ule wizi wenyewe ulikuwaje? Maana mimi nimeambiwa tu kaiba, sikuelezwa.

TUME: Nikueleze mara ngapi? Sheria tuliiandika: anwani moja, kura moja. Ukileta zaidi, zote zinafutwa na mgombea anafutwa. Sasa zikaja kura za Candida, nyingi, majina tofauti. Huyu anasema anauza viatu. Huyu anauza mapazia. Mwingine anasema anampigia trafiki kwa sababu kafanana na shemeji yake. Kutazama zilikotoka, zote anwani moja. Mtu mmoja kakaa usiku kucha anajibadilisha majina.

AWADHI: Akamzulia mpaka shemeji?

TUME: Wezi wa kura ni mafundi, bwana. Mimi niliwahi kukuta marehemu kapiga kura na kasaini.

WAYA: Mimi bado nafikiria ni mdudu. Kuna wadudu wa kompyuta siku hizi wanashika kitu kimoja wanakizalisha. Kura moja ikaingia, mdudu akaizalisha.

TUME: Mdudu anajua habari za mapazia?

WAYA: Wa siku hizi wanajua, mzee. Wanasoma kila kitu kilichomo.

AWADHI: Mimi nitasema la moyoni, msinicheke. Yale matoi yalikuwa ya watoto wa watu huko Ulaya. Hujui mtoto yuko hai au vipi. Toi linalala na mtoto miaka, halafu linatiwa kwenye belo bila kuagwa. Lile trafiki lina mwenyewe. Mwenyewe ndiye anapiga kura.

WAYA: Kwa Kiswahili?

AWADHI: Hao wanajua lugha zote.

TUME: Nyie mnacheza. Hili jambo lina wakubwa. Fikirini. Katuni ya trafiki ikishinda, kila mtu atataka trafiki. Bei ya mitumba ya matoi inapanda. Nani anafaidika? Wenye mabelo. Wameona matoi mapya ya Dubai yanawamaliza, wakamtafuta binti maskini, wakamchorea...

"Wakamchorea?" nikauliza.

TUME: Unafikiri kachora mwenyewe? Chura mwenye saa? Yule chura kachorwa na mtu aliyesoma.

Hapo nilikasirika nikakanyaga cherehani bila kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa nimemwona mwenyewe akichora, amekaa kwenye ngazi hizi hizi anasubiri mvua ipite. Lakini ukimjibu Tume anakuongezea saa nzima, na nilikuwa na sare za shule za kumaliza.

Ndipo akatokea Belo. Jina lake ni Pantaleo, mtu wa Masasi, anafungua mabelo ya mitumba Mchikichini, safu ile ile ya Candida. Alikwenda kwao kumzika mama yake mdogo, na mvua ikaikata barabara ya kusini, akakaa huko mpaka tukaanza kumsahau. Sasa alikuwa ameshuka basi moja kwa moja, begi begani, matope mpaka magotini, na mfuko wa korosho mkononi.

BELO: Habari za hapa. Mzee Abbasi, shikamoo.

TUME: Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Pole na barabara.

BELO: Nishapoa. Haya, kuleni korosho. Awadhi, nipe kahawa, nina baridi mpaka kwenye meno. Nipeni na habari njema. Trafiki wetu kashinda?

Hakuna aliyemtazama. Awadhi akammiminia kahawa taratibu mno. Mwishowe Tume akakohoa, akasimulia yote kwa sauti ile ya kusoma matokeo: sheria, majina mengi, anwani moja, Candida kufutwa. Belo alikuwa anatafuna korosho. Akaacha kutafuna.

BELO: Anwani gani hiyo?

TUME: Inaitwa Safu ya Matoi. Jina tu linatosha kukuonyesha ni la uongo. Mtu anaitwa Safu?

BELO: Mzee wangu, hiyo anwani ni yangu.

TUME: Yako?

BELO: Yangu na ya wenzangu wote wa safu. Waya, si wewe ulinifungulia hapo ndani?

WAYA: Nafungulia watu wengi kwa siku, kaka...

BELO: Nilikwambia nataka anwani ya safu yetu. Ukaniuliza jina, nikasema andika Safu ya Matoi. Ukacheka.

Waya akashika kichwa. Naona alikumbuka palepale.

BELO: Sisi pale tuna sanduku moja la posta, safu nzima. Barua ya huyu inaingia humo, ya yule inaingia humo, mwenye zamu anakwenda na ufunguo, anarudi anagawa. Sasa ilipokuja hii ya kompyuta tukafanya vilevile. Tungefanyaje? Mtu anauza soksi, ana barua ngapi za kompyuta mpaka awe na sanduku lake peke yake? Nilipoondoka niliwaambia, nendeni mkampigie Candida, anwani ni ile, neno la kufungulia ni hili. Wamekwenda mmoja mmoja, wamelipia dakika zao. Na wameandika majina yao wenyewe kwa sababu hawana cha kuficha.

TUME: Lakini sheria ilisema anwani moja...

BELO: Mzee Abbasi, wewe barua zako zinapitia wapi?

Nikamjibia mimi. "Msikitini," nikasema. "Na zangu zinapitia sanduku la mzee Champaklal. Na Awadhi zake zinapitia kwa mjomba wake pale Ilala."

Hapa mjini tangu nipate akili sijaona mtu wa kijiwe mwenye sanduku lake. Barua ya mtoto wangu ya kuchaguliwa sekondari ilikuja kwa sanduku la Champaklal, na hakuna aliyesema Champaklal ndiye aliyechaguliwa. Sisi wote tunajua hivyo. Tulijua hivyo na siku ile Tume anasoma matokeo, tumekaa hapa hapa tunakunywa kahawa.

WAYA: Mimi niliwaona.

TUME: Uliwaona akina nani?

WAYA: Wapiga kura. Waliingia mmoja mmoja, siku tofauti. Yule mama wa mapazia hakujua herufi ziko wapi, nilimshika kidole nikamwonyesha. Yule mwenye shemeji aliandika huku anacheka peke yake, nikamuuliza unacheka nini, akanionyesha trafiki.

Belo akaweka kikombe chini.

BELO: Uliwaona kwa macho yako, ukanyamaza?

WAYA: Mzee Abbasi alisema ushahidi uko kwenye kompyuta. Na mimi nikaenda kutazama kompyuta.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Waya si kijana mbaya, matoi yake anayapenda kweli na ukumbi ule aliuanzisha kwa moyo. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikatamani kumzaba kibao.

AWADHI: Basi yaishe. Binti kashinda. Si amepata kura nyingi kuliko Leicester?

TUME: Kwa hesabu hiyo, ndiyo. Mbali sana.

AWADHI: Basi futeni tangazo.

TUME: Tangazo halifutwi hivi hivi. Lazima litoke tangazo la kufuta tangazo. Halafu kura zirudiwe, safari hii kila mtu afunguliwe anwani yake.

WAYA: Nitawafungulia bure. Safu nzima. Mchikichini nzima.

TUME: Na iundwe kamati. Uamuzi wa mtu mmoja una hatari zake, nimeona. Kamati ipite safu kwa safu, ihakiki watu.

AWADHI: Na zawadi iongezwe. Ile ya kalamu na kuchapishwa kwenye kijarida ni ndogo kwa mtu aliyeitwa mwizi. Apewe kombe.

WAYA: Nimwombe baba afunge mtaa, tuweke maturubai. Watu wa ukumbi waje kutoka Leicester na Maskati. Jaimin mwenyewe amkabidhi.

TUME: Mgeni rasmi atafutwe mapema. Mtu wa usalama barabarani, kwa ajili ya maudhui.

AWADHI: Na pale Jangwani, panapofurika, isimamishwe sanamu ya trafiki. Mkono juu. Huwezi kujua, maji yanaweza kusimama kweli.

Walikuwa wameshachangamka. Rangi ilimrudi Tume usoni, anapanga meza kuu, nani akae wapi. Belo peke yake hakuchangia, alikuwa ameinuka anasoma tangazo mlangoni, kidole kikifuata mistari. Mimi nilikuwa nawasikiliza nikaona uchungu, maana sherehe ilikuwa inakua na Candida anazidi kuwa mdogo ndani yake.

Ndipo akaja Violeth. Huyu ndiye mama wa mapazia, ana meza kwenye ile safu, na zamani mapazia yake nilikuwa nampigia upindo mimi. Tangu habari ile akahamia kwa fundi mwingine. Siku hiyo alikuja na furushi kichwani, akasimama pembeni ya baraza kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

VIOLETH: Shikamooni.

Tukaitikia. Nikampokea furushi, nikamkaribisha akae. Hakukaa.

VIOLETH: Fundi, yule mwenzako anapinda vibaya. Nimeona nirudi tu. Kama kunikamata watanikamatia popote.

"Kukukamata kwa nini?" nikamuuliza.

VIOLETH: Si lile tangazo? Limeandikwa waliohusika watachukuliwa hatua. Na mimi nilihusika, nilipiga. Safu nzima tulipiga. Tukajua tumevunja sheria ya kompyuta, hatujui ipi. Tukasema tunyamaze, tusipite hapa, mpaka lipoe.

Tume akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

BELO: Dada Violeth, hamkuvunja kitu. Ni hawa ndio wamekosea. Candida kashinda. Yuko wapi, nikamwambie mwenyewe?

VIOLETH: Kwani hamjui?

BELO: Mimi ndiyo nashuka basi.

VIOLETH: Candida karudi kwao Newala. Barabara ilipofunguka tu, kapanda basi la kwanza. Labda mmepishana njiani.

Akatueleza, akiwa bado amesimama. Sokoni walianza kwa utani wakamwita Kura. Kura, hii bei gani. Kura, unaiba na hapa. Yeye akawa anacheka nao. Halafu wazee wa kanisani, ambako alikuwa akiwachorea watoto picha za Jumapili, wakamwomba apumzike kidogo mpaka jambo lake liishe. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Hakumwambia mtu kwamba hakuiba. Meza yake akamwachia Violeth, na kalamu zake akazigawa kwa watoto wa hao hao waliomwita Kura.

VIOLETH: Na hiki akaniachia mimi.

Akatoa kwenye mfuko trafiki wa plastiki, mdogo kama kidole gumba, akamsimamisha kwenye benchi katikati ya vikombe. Mkono juu. Nilikuwa sijawahi kumwona mwenyewe, nilimwona kwenye katuni tu. Kofia imebanduka rangi.

TUME: Tutamwandikia. Leo hii hii. Waya, washa kompyuta. Mimi nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea, na nitie jina.

WAYA: Anwani yake?

TUME: Ile anayotumia.

WAYA: Anatumia ile ile, mzee. Safu ya Matoi.

VIOLETH: Tutaisoma sisi. Yeye hayupo.

Belo akabandua tangazo, likatoka vipande vipande kwa sababu ya mvua, akavitia mfukoni. Akasema barabara ikikauka atarudi kusini, atafika mpaka Newala, hata kama hana msiba. Hatukujua kama atakwenda kweli na yeye nadhani hakujua. Mtu akishaitwa mwizi mjini, halafu akafuatwa kijijini akaambiwa njoo uchukue kombe, sijui anajibu nini.

Violeth alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama kwenye ngazi, zile alizokuwa akikalia Candida.

VIOLETH: Wazee, niwaulize kitu. Mtanisamehe.

TUME: Uliza, binti yangu.

VIOLETH: Candida alikuwa anapita hapa kila asubuhi. Anawaamkia, mnamwitikia. Hata zile siku mnahesabu kura alipita. Kwa nini hamkumuuliza?

Waya akatazama sakafu. Belo akatutazama sisi, mmoja mmoja, anangoja. Tume akamnyooshea Awadhi kikombe chake. Awadhi akainamisha birika, akalitikisa, likatoa machicha tu, akasema kahawa imekwisha.